Shahada ya Pili na Sanduku la Bibi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mwalimu. Anasomesha Kiswahili na elimu ya dini katika shule moja ya sekondari huku kwetu pwani, na ni mtu wa maneno machache. Basi usiku aliponijia baada ya sala ya Isha, bila ya kutuma habari, akaniamkia na kukaa kitako mkekani asiseme neno, nilijua lipo jambo. Nikamwacha anywe kahawa yake kwanza. Kisha akatoa karatasi mbili mkobani, akaziweka mbele yangu, akasema: "Mjomba, mlango umefungwa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa cheti chake cha digrii, alichokipata miaka minne nyuma. Ya pili ilikuwa tangazo la chuo kikuu kimoja likiwaita wanafunzi wa shahada ya pili, ambayo siku hizi wasomi huiita uzamili. Katika tangazo hilo palikuwa na mstari mmoja alioupigia wino mwekundu: mwombaji awe na daraja la kwanza, ama daraja la pili kitengo cha juu. Na cheti chake yeye kilisema daraja la pili, kitengo cha chini.

Msomaji mpenzi, kabla sijaendelea yafaa nikwambie binti huyu alitaka kusomea nini, kwani bila ya hilo hutauona uchungu wake. Nyumbani kwetu liko sanduku la mbao la marehemu mama yangu, ambaye ni bibi yake. Ndani yake, chini ya leso na buibui kuukuu, mna daftari lililoandikwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu lakini kwa lugha ya Kiswahili. Ni utenzi. Mama alikuwa akiusoma kwa sauti usiku wa Ramadhani, nasi watoto tukipitiwa na usingizi kabla haujafika nusu. Aliyeunakili ni baba yake. Aliyeutunga hatumjui, kwa sababu kurasa za mwisho, ambamo watunzi wetu wa kale walikuwa na ada ya kujitaja, zimeliwa na mchwa.

Vijana wa rika la mpwa wangu hawausomi utenzi ule. Korani wanaisoma vizuri, na Kiswahili chao cha shule kimenyooka, lakini viwili hivyo havikupata kukutana vichwani mwao. Kiswahili kilipovikwa hati za Kiarabu kilipungukiwa na herufi. Waandishi wengi wa zamani walitumia fe moja kwa f na v, be moja kwa b na p na hata mb, na ghaini moja kwa g, ng na gh. Irabu nazo zikachangia: i na e zikatoshelezwa na kasra, u na o zikatoshelezwa na dhuma. Wenyewe hawakupotea, kwa kuwa neno linalokusudiwa walikwisha kulijua kabla ya kulisoma. Lakini mpe leo kijana ang'amue kama bwana fulani amefua nguo zake ama amevua nguo zake, uone atakavyotahayari.

Hilo ndilo alilolitaka binti yetu: kuutoa utenzi wa sandukuni katika hati zile, kuuandika kwa herufi za Kirumi, kuufasili maneno yake, na kuuchunguza kwa njia ya kisomi hadi uwe tasnifu ya shahada ya pili. Naye aliona kuwa alama chache za mtihani wa mwisho zimemkatia njia.

Baba yake, shemeji yangu, hakupinga masomo, alipinga utenzi. Yeye alitaka bintiye achukue shahada ya pili ya usimamizi wa biashara, inayosomwa jioni na siku za mwisho wa juma. "Utenzi utamlipa nani?" aliniuliza. Simlaumu. Amewaona watoto wa majirani wakirudi na digrii na kuketi barazani, na mzazi aliyeuza nazi kwa miaka kumi na tano kusomesha ana haki ya kuuliza mavuno yako wapi.

Nikamwambia mpwa wangu tusimhukumu mtu kwa mstari wa tangazo. Siku ya pili yake tukaondoka hadi ofisi ya chuo kile, tukapokewa na mama mmoja mpole mwenye miwani. Akalisoma tangazo, akatabasamu, akasema kuwa tangazo la gazetini hulipiwa kwa kipimo, hivyo hawaandiki kanuni zote. Katika vyuo vyetu vingi hapa Kenya, mwenye kitengo cha juu huingia moja kwa moja. Mwenye kitengo cha chini naye hupokewa akionyesha amefanya kazi inayohusiana na somo lake, aghalabu kwa miaka miwili au zaidi, ama akiwa na stashahada ya baada ya digrii. Katika ngazi za sifa za elimu zilizowekwa na serikali, digrii ya kwanza ni daraja la 7, stashahada hiyo ni la 8, shahada ya pili ni la 9, na udaktari ni la 10. Kila chuo kina masharti yake madogo madogo, na dawa ni kuuliza. Mpwa wangu alikuwa na miaka minne ya kusomesha Kiswahili. Mlango haukuwa umefungwa. Ulikuwa umeshindikwa tu.

Njiani tukirudi nilimkumbusha habari ya Ali Mazrui, ambaye kila mtu wa Mombasa hujivunia jina lake lakini wachache huikumbuka karatasi yake ya kwanza. Alizaliwa hapa 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu na mhariri wa gazeti la Al-Islah. Katika mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, na Makerere ikamkosa. Akawa karani katika chuo cha Waislamu cha MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka 1955 akapata ufadhili wa kwenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia masomo ya sekondari. Digrii ya kwanza aliipata Manchester 1960, shahada ya pili Columbia huko New York 1961, na udaktari Oxford 1966. Makerere hiyo hiyo ndiyo iliyompa uprofesa. Simtaji ili kumwambia kila mwenye daraja la tatu kwamba ataishia Oxford, bali kwa sababu mpwa wangu alikuwa akikitazama cheti chake kama hukumu ya kadhi.

Nimeruka jambo moja lililotokea ofisini, nami sina budi kulirudia hata kama latia haya. Tulipokuwa tukiaga, nikamwuliza yule mama: "Na mimi je, naweza kuomba?" Akaniuliza nina shahada gani. Nikamweleza: nimehitimu Korani, nimesoma vitabu vya fikihi kwa sheikh msikitini, nina cheti cha kidato cha nne, na kwa miaka thelathini nimeandika magazetini na kutunga mashairi. Akasikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Mzee wangu, itabidi uanze na digrii ya kwanza." Mpwa wangu akageuza uso, akijizuia kucheka. Nami nikacheka. Lakini usiku sikulala mapema.

Kwani hao wenye kutafuta daraja la 9 hunijia nyumbani. Wanakuja na madaftari, na siku hizi simu za kunasia sauti, wakiuliza mizani na vina na maana ya neno hili na lile. Wala si mimi wa kwanza. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, mtu ambaye neno runinga hunasibishwa naye, hakupitia chuo kikuu. Waliopitia ndio waliopitia kwake. Abdilatif Abdalla, mwandishi wa Sauti ya Dhiki, alisomesha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, tangu 1995 hadi 2011, naye vilevile hakuingia kwa njia ya digrii. Na mbali zaidi, mashairi ya Muyaka bin Haji yasingetufikia kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingemsaidia mmishenari W. E. Taylor kuyakusanya katika karne ya 19. Karatasi za Taylor sasa ziko London, katika maktaba ya SOAS.

Elimu yetu ya msikitini nayo ina sharti zake, tena si nyepesi. Mwanafunzi husoma kitabu mbele ya sheikh tangu bismillahi hadi ukurasa wa mwisho. Akimaliza Safina huingia kikubwa zaidi, na ikiwa sheikh ameridhika humpa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, pamoja na mlolongo wa majina ya walimu waliotangulia. Hapana muhula wala karo maalumu, na anayechukua miaka kumi hafukuzwi. Kasoro yake ni kwamba ijaza haisomeki katika ofisi ya serikali. Miaka ya karibuni Kenya imeandaa utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, lakini hadi sasa nimeusikia zaidi ukitajwa kwa mafundi wa mbao na makanika kuliko kwa masheikh na malenga.

Hata waliosoma Azhar ya Misri au Chuo cha Kiislamu cha Madina hawakusalimika na usumbufu wa karatasi. Hao wana digrii kamili, lakini mtu akitaka kuendelea na shahada ya pili hapa, cheti chake cha nje lazima kwanza kipelekwe kutambuliwa na kulinganishwa na vyeti vya Kenya, na kama kiko kwa Kiarabu kifasiriwe. Nawashauri vijana walioko huko wasingoje kurudi. Waombe orodha ya masomo na alama zao wangali huko huko, zigongwe muhuri, kwani kuandikia chuo kilicho ng'ambo ya bahari ukiwa Malindi ni kazi ya kumsubirisha mtu mwaka mzima.

Nirudi kwa mpwa wangu. Baada ya kujua kuwa ataingia, likaja la pili: aingie kwa njia ipi? Ipo njia ya masomo ya darasani kwa mwaka mmoja, kisha tasnifu kamili mwaka wa pili. Ipo ya masomo mengi zaidi na kazi ndogo ya utafiti mwishoni, ambayo huwapendeza wenye ajira na haraka. Na viko vyuo vyenye njia ya tatu, ya utafiti mtupu bila ya darasa. Wenzake shuleni walimshauri achukue ile ya kazi ndogo, amalize upesi, apande cheo. Mimi nilikataa, na kwa hili sikumung'unya maneno. Ikiwa atataka kuendelea hadi udaktari, viko vyuo vitakavyomwuliza iko wapi tasnifu yake. Isitoshe, utenzi wa beti mia kadhaa hautoshei katika kazi ndogo. Utakatwa mkia na kichwa, na mchwa wamekwisha kula mkia.

Basi akachagua tasnifu, katika idara ya Kiswahili, ambako ataiandika kwa Kiswahili chenyewe. Masomo ya darasani anayachukua wakati wa likizo za shule, kama wafanyavyo walimu wengi. Huko anasomeshwa nadharia za fasihi na mbinu za utafiti, na katika vyuo vyetu vingi asiyefikisha alama 50 kwa mia huurudia mtihani. Hilo halimtishi. Ninalolihofia ni baada ya darasa. Nimewaona vijana hodari waliofaulu mitihani yote wakabaki na tasnifu nusu kwa miaka mitano, kwa sababu darasani mwalimu humngoja mwanafunzi, na katika tasnifu ni mwanafunzi atakayemngoja msimamizi. Atalitetea pendekezo lake mbele ya jopo, atatafuta kibali cha utafiti katika Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ataandika, atasahihishwa, atapelekewa mtahini wa nje, kisha aitwe ajieleze kwa mdomo. Na vyuo vingi sasa vinadai pia makala katika jarida la kitaalamu.

Ama fedha, hapo ndipo palipotuumiza kichwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutoa mikopo kwa wanafunzi wa shahada ya pili, na kwa nyakati fulani ufadhili, lakini mkopo huja na nyongeza, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini wengi wetu husita hapo. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu iliyoko Jeddah hufadhili pia Waislamu wa nchi zisizo wanachama, kama Kenya, ila jicho lake liko zaidi katika sayansi, utabibu na uhandisi. Anayesomea mambo hayo asizembee kuomba. Anayesomea utenzi atafute kwingine. Mpwa wangu alilipa muhula wa kwanza kwa zamu yake ya mchezo, zile fedha wanazochangiana walimu wenzake kila mwezi na kupokezana. Muhula wa pili alilipa shemeji, bila ya kuombwa, naye hakusema zimetoka wapi. Niliona minazi miwili imepungua upande wa kisimani, sikuuliza.

Kuna jambo moja nililomwusia, nalo latoka katika kidonda changu mwenyewe. Miaka mingi nyuma alinijia mwanafunzi wa shahada ya pili kutoka chuo kimoja ambacho sitakitaja. Alikaa barazani kwangu takriban miezi mitatu. Alikula nasi, akanasa sauti yangu kanda kwa kanda, na kila neno la kale lililomtatiza nilimfungulia kwa mifano. Akafaulu, nikafurahi. Baada ya muda nikaiona tasnifu yake kwa rafiki. Maelezo yangu yalikuwemo, mengine neno kwa neno, lakini yakisema "mtafiti ameona". Nikatafuta jina langu. Mwishoni, katika jedwali, nikajikuta: mtoa habari wa 4, mwanamume, mkaazi wa Mombasa, elimu: hana.

Elimu: hana! Ningekubali kufichwa jina, kwani nimeelezwa kuwa kanuni za utafiti huficha majina ili kuwalinda watu, isipokuwa mwenyewe akiridhia kutajwa. Hiyo ni kanuni nzuri. Lakini lile neno dogo liliwafuta baba yangu aliyenipeleka chuoni nikiwa na miaka mitano, na maalimu aliyenishika kidole juu ya alifu. Nikamwambia mpwa wangu: kila utakayemwuliza, mwuulize pia kama angependa kutajwa, na elimu yake uiandike kama ilivyo.

Sasa kila Ijumaa alasiri hunijia na daftari la bibi likiwa limefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Kurasa zote amezipiga picha, ili tusiliguse mara kwa mara. Si hazina ya peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada mingi ya namna hii, na orodha yake iliyotengenezwa na J. W. T. Allen ilichapishwa 1970. Na baadhi ya iliyoko London yaweza kutazamwa kwa kompyuta ukiwa hapa hapa Mombasa. Yeye huifungua na kulinganisha mkono wa babu na mikono ya waandishi wengine. Mimi husoma kwa mazoea, yeye husoma kwa ushahidi, na mara mbili amenikosoa akawa na haki.

Ijumaa iliyopita tulikwama ukurasa wa 14. Utenzi wasimulia mtu masikini aliyekuwa akijipatia riziki yake kwa kazi fulani, na kazi yenyewe imeandikwa kwa fe. Mimi nikasema ni kufua, kwa maana ya kufua chuma, kwa kuwa beti mbili mbele kunatajwa moto. Yeye akasema ni kuvua, kwa kuwa ubeti uliotangulia wataja ufuo. Mizani haikutusaidia, kwani maneno yote mawili ni sawa. Tukabishana hadi ikakaribia Magharibi. Kumbe dada yangu, mamake, yuko jikoni akikaanga samaki na kutusikiliza. Akatoka na upawa mkononi, akausoma ubeti ule kwa moyo, kwa sauti ile ile ya mama, na beti nne za baada yake, asikosee hata kipande. Alikuwa mvuvi, na moto ulikuwa wa kuchomea samaki.

Miaka yote hiyo sikujua kuwa dada yangu ameuhifadhi. Hakuna aliyemwuliza. Mpwa wangu akafungua kompyuta yake, akamwuliza mamake kama ataridhia kutajwa. Dada akacheka, akasema samaki wanaungua. Akaulizwa tena. Akasema jina lake, na la baba yake, na la babu, naye binti akaliandika lote.